Disko la Mwaka Jana

Kila asubuhi, kabla hajauza hata kidonge kimoja, Mwantumu alifuta kioo cha kaunta kwa kitambaa kilicholowa spiriti, kutoka kushoto kwenda kulia, mara mbili. Kisha alisogeza dawa za mafua mbele na za minyoo nyuma, akamimina chai kutoka kwenye chupa na kuinywa akiwa amesimama, akiitazama stendi ya Korogwe ikichangamka. Makonda walipiga mabati ya magari. Wauza mayai na machungwa walikimbilia madirisha ya mabasi ya Arusha. Zilikuwa dakika kumi zake peke yake, na alizipenda kwa sababu hakuna aliyemtaka aseme neno.

Jumatatu hiyo alikuwa katikati ya kioo, mara ya pili, mkono uliposimama.

Sauti ilitoka ng'ambo ya barabara, kwenye gari dogo la mizigo lililobeba spika zenye kimo cha mtu. Kwanza lilikuja gitaa la besi, likitembea kwa maringo kama mtu mwenye viatu vipya. Yakafuata makofi. Kisha vinanda vikapanda juu, vyepesi, na mwanamke akaanza kuimba kwa Kiingereza kwamba yeye hajambo, anacheza tu, wasimjali. Lakini sauti yake ilionyesha wazi kwamba hali si nzuri hata kidogo.

Mwantumu alikuwa na diploma ya famasia. Angeweza kukueleza dawa gani inashusha homa na kwa muda gani. Hakujua kwa nini wimbo wa kuchezwa unamtoa machozi saa mbili asubuhi.

"Dokta, habari za kazi? Naomba dawa ya koo."

Aliyesimama mbele yake alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye shati la rangi ya haradali lenye kola pana, na suruali iliyopanuka chini hadi kufunika viatu. Bugaluu hasa, kama zile za kwenye picha za zamani ukutani kwa mjomba.

"Jana nimeshika maiki kwa saa sita nzima," kijana aliendelea. "MC alipotelea kwenye pilau. Lakini Dokta, mbona unalia? Nimekukosea nini na ndiyo kwanza nimefika?"

"Ni spiriti," alisema Mwantumu haraka, akificha kitambaa chini ya kaunta. "Inaingia machoni."

Kijana alitazama kaunta, akageuka kuzitazama spika zake, akatabasamu.

"Basi hiyo spiriti mimi ninayo gari zima."

Jina lake Sabiri. Alikodisha muziki kwenye harusi, kuanzia Mkumbara hadi Kabuku, na spika alizinunua mojamoja kwa miaka minne. Mwantumu alimpimia dawa, akamwandikia namna ya kuitumia, na alipokuwa anamkabidhi pakiti, akajikuta anauliza.

"Huo wimbo ni wa zamani?"

"Wote mnauliza hivyo. Ni wa mwaka jana. Umetengenezwa na vijana, wengine wadogo kwangu. Wamelichukua disko la wazazi wetu, wakalifua, wakalipiga pasi, wakalivaa wao."

"Sasa kwa nini unachezeka na unahuzunisha hapohapo?"

Sabiri, aliyekuwa ameshageuka kuondoka, aliketi kwenye benchi la wagonjwa.

"Dada, nina miaka minne nasubiri mtu aniulize hilo," alisema. "Sikiliza. Ngoma inaiambia miguu icheze. Vinanda vinauambia moyo kwamba mtu wako anaondoka. Vyote viwili kwa pamoja. Ukitoa kimoja, disko limekufa."

Siku hiyo Mwantumu aliuza dawa za minyoo akiwa anachezesha vidole vya miguu ndani ya viatu.

*

Tangu hapo, kila jioni alipofika kwenye chumba chake cha kupanga huko Manundu, simu ililia na wimbo mmoja kutoka kwa Sabiri ukaingia. Mwingine ulitoka Ulaya, mwingine Brazili, mwingine kwa vijana wa Dar waliojirekodi chumbani. Wote walikuwa wapya na wote walikuwa na upweke uleule unaometameta. Alifunga mlango, akajifunga khanga kiunoni, akacheza mwenyewe kati ya kitanda na ndoo za maji. Aliona huu ni muziki wa watu wanaovaa vizuri ili wasilie. Aliona pia kwamba unakumbuka enzi ambazo yeye hakuwapo, na bado anazikosa.

"Umeusikia wa leo?" Sabiri alikuwa akipiga kuuliza.

"Nimeusikia."

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Mwantu."

"Sita."

"Na umecheza?"

"Mimi sichezi."

"Sawa, mama. Mwambie jirani yako asinipigie tena kulalamika kwamba ukuta unatikisika."

Mwantumu alicheka hadi akaufunika uso kwa mto, ingawa chumbani hakuwapo mtu wa kumwona.

Jumamosi moja alimsindikiza Sabiri kwenye harusi ya mchana huko Kabuku, pamoja na Emiliana, muuzaji mwenzake dukani, Msambaa wa Lushoto asiyejua kunong'ona. Mwantumu alivaa gauni la kijani lenye kumetameta na ushungi wa rangi ileile. Sabiri alipomwona alisahau waya mkononi.

"Huyu ndiye Dokta wa dawa za minyoo?" alisema. "Leo hata wazima wataumwa."

Watu walitaka singeli, akawapa singeli. Walitaka bongo fleva, akawapa. Lakini alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna kamati ya harusi iliyowahi kuuondoa: sahani za pilau zikishagawiwa, anapiga disko moja. Mwanzoni hakuna aliyeinua uso. Kisha bibi mmoja akaanza kugonga kijiko kwenye sahani. Baba mwenye kanzu akakitikisa kichwa taratibu, macho amefumba, kama mtu anayesikia jina la rafiki yake wa shule likitajwa. Bwana harusi akamshika bi harusi mkono chini ya meza. Hakuna aliyesimama kucheza, na ukumbi mzima ulikuwa unacheza.

"Umewaona?" Sabiri alimuuliza sikioni. "Kila mtu hapa ana mtu aliyemkosa."

Mwantumu alitaka kumwambia kwamba yeye hamkosi mtu, mtu wake yupo hapa. Badala yake akamuuliza kama pilau imebaki.

*

Sabiri aliuliza kwa simu, Alhamisi moja jioni, bila utani wowote.

"Mwantumu, nikituma wazee nyumbani kwenu Handeni na barua, watapokewa?"

Kwao, binti hulelewa akijua kwamba swali hilo halijibiwi. Shangazi anakufuata jikoni, anakuuliza, wewe unainamisha kichwa na kunyamaza. Ukinyamaza umekubali, na vigelegele vinapigwa. Anayetamka "ndiyo" kwa mdomo wazi atasemwa kisimani mwezi mzima. Mwantumu aliinamisha kichwa, peke yake chumbani, simu ikiwa sikioni. Akanyamaza kwa moyo wake wote.

"Hallo?"

Kimya.

"Upo?"

Alikuwapo. Hakuwahi kuwapo mahali kuliko alivyokuwapo pale.

"Basi," Sabiri alisema baada ya kitambo. "Nimekuelewa, Mwantumu. Usiku mwema."

Mwantumu alicheza hadi jirani akagonga ukuta kwelikweli.

Kesho yake alipanda gari kwenda Handeni kumwambia mama. Bi Mwanaidi hakusema mengi. Alifagia uwanja, akapaka chokaa ukuta wa mbele, akaazima viti vya plastiki kwa jirani. Jumamosi ya kwanza wazee hawakuja. Ya pili pia hawakuja, na viti vilirudishwa. Nyimbo nazo ziliacha kuingia kwenye simu, lakini Mwantumu hakushtuka. Mchumba aliyetangaza nia hukaa mbali na binti mpaka wazee wamalize. Aliona Sabiri ana adabu kuliko alivyodhani.

Ni Emiliana aliyemtoa usingizini, Jumatano ya wiki ya tatu, akiwa anapanga maboksi ya dawa.

"We Mwantumu, na upole wako wote kumbe una roho ngumu! Umemkataa yule kijana mpaka anahama mji?"

"Nani kahama?"

"Sabiri. Kapata kazi Arusha, kwenye ukumbi mkubwa. Anaondoka Jumapili. Harusi ya mwisho anapiga Jumamosi kwenu hukohuko Handeni. Nilimuuliza, akasema alikutaka ukamkatalia."

"Mimi? Nilinyamaza!"

"Ndiyo hivyo, ulinyamaza."

"Emiliana, nilinyamaza nikimaanisha ndiyo!"

Emiliana aliliweka boksi chini, akamtazama mwenzake kama anayetazama mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka.

"Mpigie simu. Sasa hivi."

Alipiga. Simu iliita mpaka ikakata. Alipiga tena. Ujumbe aliuandika mara nne na kuufuta mara nne, kwa sababu kila alipoandika neno lile moja, aliwaona wanawake wa kisimani wakilisoma.

*

Jumamosi mchana alikuwa kwa mama yake, Chanika, palepale Handeni mjini, ameshamweleza yaliyotokea, akichambua mchele usio na mawe. Wimbo ule wa kwanza ulikuwa unalia taratibu kwenye simu.

"Wimbo wa lini huo?" Bi Mwanaidi aliuliza.

"Wa mwaka jana, mama."

"Mwaka jana! Mbona unanukia ujana wangu?" Mama aliketi kwenye kigoda, akasikiliza hadi mwisho. "Tulikuwa na disko la Jumapili mchana, Tanga, nilipokaa kwa dada yangu. Niliazima raizoni zake, vile viatu vya soli nene, nilikuwa nazivaa na soksi mbili kwa sababu zilinipwaya. Kulikuwa na kijana mmoja. Akicheza, watu wanampisha."

"Ikawaje?"

"Nikaitwa nyumbani. Shangazi akanifuata jikoni, akaniuliza kuhusu baba yako." Mama alichota mchele, akauachia upite kati ya vidole. "Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, sijuti. Lakini mwanangu, kimya changu kilikuwa cha hapana. Wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeniuliza ni kimya gani, na mimi sikumwambia mtu mpaka leo."

Mwantumu aliuweka ungo chini.

"Nenda ukumbini," mama alisema. "Kabadilishe nguo kwanza. Hiyo ina pumba."

Alivaa gauni la kijani. Alitembea katikati ya jua la saa nane, akipita maduka, akipita gulio, akiwajibu waliomsalimu bila kusikia walichosema.

Ukumbini wapambaji walikuwa wanafunga vitambaa vyeupe na vya zambarau kwenye nguzo. Sabiri alikuwa amechuchumaa nyuma ya spika, mgongo mlangoni.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Dada mpambaji, usikanyage huo waya, tafadhali."

"Mimi si mpambaji."

Maiki ilianguka, ikapiga kelele ukumbi mzima. Sabiri aliiokota, akasimama. Shati lilikuwa lilelile la haradali. Uso ulikuwa umepungua.

"Dokta."

"Mbona hukuleta wazee?" Sauti ya Mwantumu ilitoka ndogo kuliko alivyoipanga.

"Kwa jibu lipi? Nilikuuliza, ukanyamaza. Nilihesabu mpaka thelathini. Mimi nikipiga wimbo, ukumbi ukanyamaza hivyo, nabadilisha wimbo. Sikasiriki, ndiyo kazi yenyewe."

"Ulisema umenielewa!"

"Nilielewa umenikataa kwa adabu, ili usinivunje moyo."

"Binti akiulizwa akanyamaza amekubali, Sabiri! Na wewe Mwislamu, hujui? Mama kapaka chokaa ukuta mzima!"

"Najua. Lakini anayeuliza si shangazi? Mimi ni shangazi yako?"

Mpambaji mmoja alicheka, mwenzake akamfinya. Hata Sabiri alitaka kucheka, ila hakumaliza.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi nipo kwenye basi," alisema. "Nimechoka kubahatisha, Mwantu, ndiyo maana hata simu yako sikupokea. Usinipe kimya kingine nikaanza kukitafsiri njia nzima mpaka Arusha."

Alimwona anakunja pindo la gauni, akamhurumia. Akanyoosha mkono kwenye mashine, na lile gitaa la besi likaanza kutembea ukumbini, taratibu, ili limsaidie. Kwa miezi mitano nyimbo ndizo zilizomsemea Mwantumu. Zilisema vizuri kuliko yeye. Lakini mwanamke wa kwenye wimbo alikuwa anaimba tena kwamba hajambo, anacheza tu, wasimjali, na Mwantumu alijua sasa kwamba yule mwanamke angeimba hivyo hadi mwisho wa dunia na mtu wake asingerudi, kwa sababu hakuwahi kumwambia.

"Zima," alisema.

Sabiri alizima. Wapambaji walisimama na vitambaa mikononi. Nje, hata wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu waliacha visu. Mwantumu aliinua kichwa chake, akamtazama machoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema kwa sauti iliyofika ukuta wa nyuma.

"Nakupenda, Sabiri. Uende Arusha au ubaki, walete wazee. Nilikubali tangu Alhamisi ile, na leo natamka kwa mdomo wangu mwenyewe, waniseme wanavyotaka: ndiyo."