Mtu wa Kuangushwa

Soko kuu la Kisangani lilikuwa limefurika watu pale Merdi, polisi kijana mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri, alipokanyaga kitenge ambacho Katungu alikuwa amekitandaza chini akiuza. Muuzaji mwenyewe alikuwa amevaa blauzi ya njano iliyomkaa sawasawa, na macho yake hayakumwogopa polisi.

"Chef," akamwambia, kama watu wanavyowaita polisi, "hii kitenge umekanyaga, utaibeba."

"Bon, nitaibeba na mwenyewe wake."

Katungu akacheka. Baada ya hapo simu kati yao hazikukatika.

"Bolingo, mpenzi wangu, umekula?" Merdi angeuliza.

"Bado. Nakungojea weye."

Kisha baba yake Katungu akafariki. Siku ya mazishi, pale mtaa wa Mangobo, wajomba walimwita Merdi ashike jeneza pamoja nao, heshima anayopewa mkwe. Merdi akarudi nyuma, mikono mfukoni. Watu wakanong'ona. Katungu aliyaona yote, na tangu siku hiyo hakupokea simu yake.

Siku moja Prudence, polisi mwenzake Merdi, akaja kununua kitenge.

"Dada, unajua kazi ya Merdi kule kambini kwa polisi?"

"Anafundisha."

"Yeye ni mutu wa kuangushwa. Wenye kujifunza kukamata watu wanamukamata yeye. Wanamupindisha mukono, wanamutupa chini kwenye simenti, hata matela ya kulalia haiko. Kila siku. Sasa ule mukono hauna nguvu, kikombe inamuponyoka. Aliogopa kuangusha jeneza ya papa yako."

Katungu alifunga biashara mchana ule ule. Alimkuta Merdi nyumbani kwake, kitandani, akihangaika kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Akamsogelea, akamfungia.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nikisema, wananifukuza. Nitakuoa na nini?"

Akampeleka hospitali. Daktari akasema mshipa wa fahamu umebanwa shingoni: aache mazoezi yale mara moja, na hata hivyo nguvu za mkono hazitarudi zote. Merdi akamweleza mkuu wake. Mkuu hakubishana. Alimwambia arudishe sare, na wiki iliyofuata kijana mwingine akasimama kwenye simenti ile.

Merdi akampigia Katungu simu sokoni.

"Katungu, sina kazi tena. Ukiniacha, sitakasirika."

"Mama anauliza wazee wenu watakuja lini kwetu."

"Mukono hautapona."

"Docteur alisema, nilikuwa pale. Leta wazee."

Katungu alimsikia Merdi akilia, akaendelea kushika simu sikioni huku wateja wakimngoja.