Kanopi Nyeusi Isiyo na Madirisha

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Sindano aliwahudumia vifaranga. Walimwita Sindano kwa wembamba wake, na pia kwa sababu ulimi wake ulichoma. Chumba cha vifaranga kilikuwa nyuma ya jiko: mashine ya kutotolea imeegemezwa ukutani, taa za joto zimening'inia kwenye waya, na maboksi yenye matundu yamepangwa mezani kusubiri siku ya kwenda kwa wateja. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya maji, kubadilisha maranda ya mbao na kuokota waliokufa, kama wapo. Mara nyingi hawakuwepo, maana mama yake hakuwa mtu wa mchezo.

Mama huyo alikuwa na desturi iliyowachekesha majirani. Hakuna kitu kilichowafikia vifaranga kabla yeye hajakijaribu mwilini mwake. Joto la taa alilipima kwa shavu. Maji yao aliyaonja. Hata boksi jipya alitia mkono ndani, akafunika, akasubiri aone kama mkono utatoka jasho.

"Kifaranga hana mdomo wa kusema," alikuwa akisema. "Mimi ndiye mdomo wake."

Shida ilikuwa pikapu. Turubai lililofunika nyuma lilishonwa na kushonwa tena mpaka rangi yake ya kwanza haikujulikana, na mvua ikinyesha lilivuja. Siku za kupeleka vifaranga mama alimshusha Sindano shuleni njiani, na hapo getini wenzake walimpokea kwa "pio, pio, pio". Kiongozi wao alikuwa msichana aliyeketi naye dawati moja. Siku moja, mbele ya darasa zima, alimwambia ashuke taratibu asije akavunja mayai. Sindano, pamoja na ulimi wake wote ule, alikimbia. Alijifungia chooni akalia kwa hasira.

Basi mama alipotangaza kwamba turubai limestaafu, na kwamba wanakwenda kuchagua kanopi, lile paa gumu la kufunika nyuma ya pikapu, Sindano alikuwa wa kwanza kukaa garini.

Fundi wa kanopi alikuwa mtu mpole, mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na kanopi mbili zilizolingana na pikapu yao. Moja ilikuwa ya kijivu, iliyokwisha kutumika, yenye mkwaruzo mrefu ubavuni na madirisha ya wavu pande zote mbili. Nyingine ilikuwa mpya, nyeusi, inang'aa hata unajiona uso. Haikuwa na dirisha lolote, ila kioo tu kwenye mlango wa nyuma. Fundi hakuficha kitu. Alisema ile nyeusi huchukuliwa zaidi na watu wanaobeba vifaa vya kazi. Chini ya mlango pana upenyo wa hewa, lakini kama unawatosha viumbe hai, yeye hawezi kuapa. Wajaribu wenyewe.

Mama aliitazama pikapu, akalitazama goti lake bovu. Kupanda nyuma asingeweza.

"Leo mdomo wao utakuwa wewe," alimwambia Sindano. "Kaa ndani, kisha uniambie."

Ile nyeusi ikawekwa kwenye pikapu, juani, Sindano akapanda, mlango ukafungwa. Mwanzoni alitabasamu. Kisha joto likaanza kushuka kutoka kwenye paa. Blauzi ilimganda mgongoni, pumzi ikawa nzito, na upenyo wa mlangoni haukuleta chochote. Alijua vizuri alichopaswa kusema. Lakini aliwaza geti la shule, akaona gari jeusi linasimama na wote wanaufyata. Mlango ulipofunguliwa alijifuta uso haraka kwa mkono wa blauzi, akaruka chini.

"Hewa ipo tele, mama. Hata upepo unapita."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Ile ya kijivu haikujaribiwa hata kidogo.

Asubuhi iliyofuata Sindano aliomba apelekwe kwa gari ingawa hapakuwa na vifaranga wa kupeleka, na getini hapakuwa na pio wala nini. Msichana wa dawati lake aliigusa kanopi kwa kidole, akauliza kama ni mpya. Sindano alijibu kwa madaha, akaingia darasani shingo imenyooka. Siku hiyo alikuwa mtu.

Vifaranga wa kwanza kusafiri ndani ya kanopi ile walikuwa wa mfugaji mmoja wa nje ya mji, mama mtu mzima aliyekuwa akianza upya baada ya ugonjwa kumaliza kuku wake wote. Ilikuwa siku ya mapumziko, na Sindano alikaa mbele na mama yake. Jua lilikuwa kali. Katikati ya safari katapila lilikuwa likichimba barabara, magari yakazuiwa, foleni ikasimama pale pale muda mrefu. Kupitia kidirisha kilicho nyuma ya viti vyao waliwasikia vifaranga wakilia kwa nguvu. Baadaye kidogo wakalia mmoja mmoja, kwa vipindi. Kisha wakanyamaza.

"Wamelala," mama alisema, akitabasamu.

Sindano alijua hawakulala. Angeweza kusema, "Mama, tufungue." Neno lilikuwa mdomoni, akalimeza, akatazama katapila.

Walipofika, mama alifungua mlango wa nyuma na joto likampiga usoni mpaka akarudi hatua. Ndani ya maboksi vifaranga walikuwa wamelaliana, midomo wazi. Waliokuwa hai ni wachache tu wa boksi lililokuwa karibu na mlango. Mama alipiga magoti, pamoja na lile goti bovu, akawa anamwinua mmoja mmoja na kumweka shavuni, labda atasikia pumzi. Wengi hakusikia kitu.

"Tangu jana napasha joto banda," mfugaji alisema taratibu. "Kumbe nilikuwa nawasubiri maiti."

Kesho yake mama alimchukua Sindano, akaendesha gari moja kwa moja hadi karakana ya kanopi. Alimkuta fundi na mteja mwingine aliyekuja kuchagua kanopi, na hakungoja salamu.

"Umeniuzia jeneza," alimwambia. "Mwanangu alikaa humu ndani, hewa ikapita. Vifaranga wamekaa, wamekufa. Umefanya nini kwenye huo mlango?"

Fundi alisema hajaugusa. Kisha akamgeukia Sindano, akamuuliza kwa upole kabisa kama siku ile hewa ilikuwepo.

Hapo ndipo angeweza kujiokoa, mtoto yule. Watu wote walikuwa wakimtazama, na mama yake ameweka mkono begani mwake.

"Ilikuwepo," alisema. "Labda fundi alibadilisha mpira wa mlango wakati anafunga."

Mteja alitikisa kichwa, akasema afadhali amewahi kumjua tapeli kabla hajampa kazi, akaenda getini kusubiri usafiri. Fundi alimtazama akienda, kisha akamgeukia mama.

"Mama, naomba apande tena," alisema. "Tuone."

"Apande hata akae mpaka jioni. Mwanangu hasemi uongo."

Mlango ukafungwa. Joto lilikuwa lile lile, ila sasa kwenye pembe kulikuwa na manyoya ya njano yaliyoganda kwenye sakafu, na harufu yake. Kupitia kioo Sindano alimwona mama yake amekunja mikono, anamtikisia kichwa kumpa moyo, bila shaka yoyote usoni. Hilo lilimuuma kuliko joto. Alipiga kioo kwa ngumi, na fundi akafungua kabla hajapiga tena.

"Hakuna hewa," alisema huku akilia. "Hata siku ile haikuwepo. Niliipenda tu kwa sababu ni nyeusi. Na nilijua walipokuwa wananyamaza."

Mama hakumpiga. Ingekuwa nafuu. Aliondoa mkono uliokuwa umeanza kumshika, akachechemea hadi geti la karakana, akamwita yule mteja arudi, na kusema mbele ya kila mtu:

"Fundi huyu si tapeli. Tapeli nimemzaa mimi. Naomba radhi."

Ile kanopi ya kijivu ilikuwa imeshanunuliwa. Ikabidi nyeusi itobolewe, Sindano akisimama pale akitazama grenda, ile mashine ya kukatia, ikiula ule mng'ao. Nyumbani alichimba shimo na kuwafukia vifaranga peke yake, na waliototolewa baadaye wote walipelekwa kwa yule mfugaji kwanza. Shuleni walipoyaona madirisha ya wavu, pio pio ilirudi kwa nguvu mpya. Mama yake hakumwuliza tena jambo lolote, hata kama chumvi imekolea.

Siku ya kujaribu madirisha hayo, kabla ya safari yoyote, Sindano alipanda bila kuambiwa. Alikaa, akasogea huku, akasogea kule.

"Bado," alisema. "Pembe ya mbele joto linabaki."

Fundi akachora kwa chaki na kutoboa tena, kwenye paa safari hii, mahali panapoonekana zaidi. Sindano alijaribu tena, akasema sasa inafaa. Mama yake akashika bega la fundi na kujivuta juu, huku akigugumia kwa maumivu ya goti, akakaa kando ya binti yake.

"Huniamini, mama?"

"Bado."

Safari ya kwenda kwa mfugaji foleni ikawakamata pale pale penye katapila. Vifaranga walilia, kisha wakanyamaza.

"Mama, wamenyamaza. Simamisha pembeni."

Mama aliegesha. Sindano alikimbia nyuma, akafungua mlango, akatia mkono ndani ya maboksi. Walikuwa wamelala kweli. Mmoja alifumbua jicho, akalifumba tena. Sindano alirudi mbele akiona haya, akasema samahani, hamna kitu.

"Usiombe samahani kwa hilo," mama alisema. Hakuwasha gari mara moja. "Aibu ya geti la shule ilikuwa yako, lakini waliokufa kwa ajili yake ni wao. Siku nyingine ukitaka kusema uongo, angalia kwanza ni nani atakayefungiwa ndani yake."

Sindano alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka. Magari ya mbele yakaanza kusogea.

"Haya," mama akasema, akiwasha gari. "Wewe sikiliza huko nyuma. Mimi natazama barabara."