Kompyuta Iliyosema Hakuna

Kila asubuhi Drocella wa Mbugangari alijitwika beseni la sambaza, dagaa wa ziwani, akaenda kuuza mpakani, Petite Barrière. Jumatatu ile ya mwaka 1999 hakwenda kuuza. Alikwenda ofisi ya kutafuta watoto waliopotea. Mwanawe Munezero alipotea mwaka 1996, katika msongamano wa wakimbizi waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka Goma. Alikuwa na miaka minne.

Valens, fundi wa ofisi, aliandika jina kwenye kompyuta. Skrini ikajibu: Hakuna.

"Angalia tena, mwana wangu."

"Mama, hii ni mara ya tatu. Mashini inasema hakuna. Pole sana."

Drocella alirudi nyumbani akiamini mwanawe amekufa, akagawa nguo zake. Majirani wakaja kukaa naye matanga, matanga yasiyo na kaburi. Uchungu ule siwezi kuuandika.

Wiki iliyofuata alikuja Denyse, mtaalamu aliyekulia Tanzania, kukagua programu ya kutafutia watoto, iliyoandikwa kwa PHP, lugha ya kompyuta. Alisoma, akakunja uso.

"Valens, hii alama ya @ mbele ya kila amri ni ya nini?"

"Wageni walikuja, page ikajaa maneno ya makosa. Haya ikanikamata. Donc, basi nikaweka ile alama, inanyamazisha makosa."

"Orodha ya watoto iko wapi?"

"Iko mu mashini ingine, kule nyuma. Courant, umeme, ikikatika, ile inazimika, hii ya hapa inabaki kwa betri."

"Ikizimika, programu inajibu nini?"

Valens aligeuka kuitazama skrini.

"Inajibu hakuna," alinong'ona.

"Basi haikutafuta! Ilikuta mlango umefungwa, ikasema ndani hamna mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Walifanya kazi siku mbili. Waliziondoa alama zote. Sasa baada ya kila amri programu hujiuliza: nimefaulu? Ikishindwa, inasimama. Inaandika saa, kosa na jina lililotafutwa kwenye faili ya makosa. Skrini nayo inasema: Sijaweza kutafuta. Mwite fundi.

Kisha Valens aliandika tena jina la Munezero. Likatokea. Mtoto alikuwa hai, katika kituo huko Kibuye. Alikuwa kwenye orodha muda wote.

Valens alikimbia mpaka Mbugangari. Drocella alipoambiwa hakupiga vigelegele. Alikaa chini, kando ya beseni lake.

"Nguo zake niligawa," alisema. Akalia sana. Kisha akainua uso. "Valens, siku ile kwa bench tulikuwa wengi. Ule mama wa Cyanzarwe, mulimwambia nini?"

"Hakuna."

"Anaitwa nani?"

Valens hakujua. Siku zile programu haikuandika popote kwamba imeshindwa, wala nani alikuwa akitafutwa.

Munezero alirudi Jumamosi. Alimkazia macho mama yake muda mrefu kabla ya kumpa mkono. Valens naye, kila siku ya soko, hupanda hadi soko la Cyanzarwe, husimama mbele ya akina mama mmoja mmoja na kuuliza: "Mama, we pia tulikuambia hakuna?"