Dufu la Muadh na Pamba ya Sikioni

Kila alasiri, madrasa ikiisha, Basma aliwakusanya watoto uani kwao, mtaani Buyenzi, kufanya mazoezi ya kasida. Shangazi yake Houda alikuwa karibu kuolewa, na Basma, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyepewa kazi ya kuongoza waimbaji. Cheo hicho kilimpanda kichwani kidogo. Alitembea na mpini wa ufagio mkononi, akiwaamrisha hata watoto waliomzidi urefu.

Mdogo wake Muadh, wa miaka sita, alikuwa na dufu dogo kuliko yote. Mwanzoni alilipiga vizuri hadi mafundi wa gereji ya jirani wakaacha spana zao na kuja kuchungulia. Lakini tangu apate mafua, mambo yaligeuka. Wenzake wakipiga, yeye alinyamaza. Wenzake wakinyamaza, yeye, ti! peke yake. Watoto walicheka wakashika mbavu.

Basma hakucheka. "We Muadh, unafanya makusudi! Kesho ukikosa tena, mi nakutoa. Dufu nampa Abdu."

Abdu, mmoja wa waimbaji, akanyoosha mkono. Muadh alilikumbatia dufu lake, machozi yakimlenga. Tangu shangazi achumbiwe, hamu yake ilikuwa moja tu: kupiga dufu siku ya harusi.

Jioni, Mama alikaanga maandazi. Muadh alikuwa ameketi mlangoni, sikio la kushoto likielekea jikoni.

"Muadh, andazi!" Basma aliita.

Kimya. Akaita tena kwa nguvu. Kimya. Hapo Basma alishtuka. Muadh huyu, ambaye husikia andazi likitumbukia kwenye mafuta hata akiwa kwa jirani! Akazunguka upande wa kulia, akanong'ona, "Andazi." Muadh akaruka, mkono umeshanyooka.

Basma akamgeuza kichwa. Sikio la kushoto lilikuwa limezibwa kwa pamba, nayo ilikuwa imelowa usaha na kunuka.

"Mi ndio nimemutia," alisema bibi yao, Bibi Sikuzani, kutoka jikoni. "Alilia sikio inauma. Nikapasha mafuta ya habasoda, nikamutonea, nikaziba isitoke. Kwani habasoda si dawa?"

Mama aliitoa pamba ile. Basma alisikia aibu kali na hofu. Siku zote hizo alikuwa akimgombeza mtoto mgonjwa.

Asubuhi wote wakaenda kwenye zahanati. Bibi alibeba chupa yake ya habasoda, tayari kuitetea. Muuguzi, Madame Consolate, aliuliza usaha umeanza lini, akabonyeza polepole nyuma ya sikio kuona kama kuna uvimbe, kisha akachungulia ndani kwa taa ndogo.

"Mafua yameshuka mpaka ndani ya sikio," alisema. "Usaha umetoboa ngozi ya ndani, katundu kadogo. Ndio maana hasikii vizuri."

"Atabaki hivi?" Basma aliuliza.

"Apana, mupenzi. Mumemuleta mapema. Kale katundu kanaweza kujifunga kenyewe, lakini mufuate vizuri."

Akawapa dawa ya kunywa, akasisitiza waimalize hata sikio likikauka. Akasokota kitambaa safi, akakiingiza sikioni taratibu, kikanyonya usaha, akakitoa na kuweka kingine mpaka sikio likakauka. "Fanyeni hivi kila siku, na mikono munawe kwanza. Pamba musiache ndani, inafungia usaha. Mafuta, maji, kijiti, apana kabisa! Na asiogelee ziwani mpaka nimuone tena."

Bibi akainua chupa. "Na hii habasoda yangu, Madame?"

"Bibi, tia kwenye chai yako. Sikio uiache."

Bibi alicheka mpaka mtandio ukamdondoka.

Nyumbani, Basma aliweka mpini wa ufagio pembeni, akashika kitambaa. Aliihamishia nje mbabula, lile jiko la mkaa, ili moshi usimfikie Muadh, akamfundisha kupenga kamasi polepole. Sikio lilipokauka, Muadh aliikimbia dawa. "Nimepona!" Basma akamwimbia ubeti mmoja wa kasida kwa kila kijiko, mpaka dawa ikaisha.

Waliporudi zahanati, Madame Consolate alisimama nyuma ya Muadh, upande wa kushoto, akanong'ona, "Unataka andazi?"

"Mbili!" Muadh akajibu.

Siku ya harusi, dufu dogo lilidunda sawasawa. Aliyekosea alikuwa Basma. Furaha ilimzidi alipomwona bibi harusi, akaruka ubeti mzima. Muadh akamkazia macho. "We Basma! Kesho ukikosa tena, kuongoza nampa Abdu!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, Basma naye akacheka zaidi ya wote.

Baadaye Bibi Sikuzani alimvuta Basma karibu. "Mi nilitaka kumusaidia Muadh, kumbe nilimuzidishia. We Basma ulimugombeza kabla ya kumuangalia. Toka leo, mutoto akibadilika, kwanza tumuulize anaumwa wapi. Na sikio ikiuma, siku ileile tunaenda kwa Madame Consolate. Tumesikizana?"

"Ndiyo, Bibi," alijibu Basma.

Muadh, aliyekuwa upande wa pili wa ukumbi na andazi mdomoni, naye akaitika: "Ndiyo, Bibi!"