Wavu Uliokataa Kukauka

Siku ya nne wavu ulikuwa bado umelowa. Fundi aliuanika uani tangu asubuhi, jua kali la kupasua kichwa, na mashuka aliyoyaanika pembeni yake yalishakauka, yakakunjwa, yakawekwa kabatini. Lakini wavu, kila alipoushika, maji yalimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule, kwenye chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa na wazazi, yeye na mdogo wake. Huyo mdogo alikuwa mwalimu wa sanaa. Wanafunzi walimbatiza Madoa, kwa kuwa hakuwa na gauni hata moja lisilo na rangi. Mwaka huo maktaba ya mji ilimpa ukumbi mzima awaonyeshe watu jinsi bahari inavyochafuliwa, naye akaamua kutengeneza samaki mkubwa kama basi dogo: mifupa ya waya, ngozi ya nyavu zilizotupwa, tumbo la chupa, ndala na mifuko ya plastiki. Wavu mkubwa kuliko wote, huo uliokataa kukauka, aliukuta umenasa baharini kwenye matumbawe, akahangaika nao nusu siku hadi ukaachia. Kushona alimwachia dada yake, maana yeye hata kifungo kilimshinda.

Fundi alimwambia ule wavu haumpi raha. Madoa akacheka, akamuuliza tangu lini wavu ukampa mtu raha.

Basi akaushona hivyo hivyo, kwa sindano ya magunia. Harufu ya tope na mafuta machafu ya injini ikaingia hadi kwenye sare za watoto wa watu. Saa nane mchana, mtaa umetulia, akasikia mtu anapumua ndani ya tumbo la samaki, pumzi nzito za kukoroma, kama za aliyepaliwa na maji. Akaweka sindano chini, akainama kuchungulia. Chupa tu. Alipogeuka, mshono aliouacha ulikuwa umesogea mbele shubiri nzima.

Kisha Madoa akaanza kutia chumvi kwenye chai. Baadaye akaiacha chai, akabaki na maji ya chumvi. Jumapili moja Fundi alisikia maji yakimwagika bafuni bila kukoma, akaita mara mbili asijibiwe, akasukuma mlango, na mle ndani akamkuta mdogo wake amekaa sakafuni na nguo zake zote, maji yamemfika kiunoni ilhali bomba limefungwa, kichwa amekiinua juu na mdomo wazi, akivuta kutoka kooni uzi wa nailoni, akivuta taratibu kama mtu anayetoa uzi kwenye kigurudumu, akivuta na uzi hauishi, na macho yaliyomtazama Fundi hayakuwa macho aliyoyajua tangu utotoni.

Akaenda kumwita mganga, mzee mstaafu wa posta, mpole, aliyesifiwa kuwa hajawahi kushindwa na jini. Alikuja saa nne asubuhi. Akafukiza ubani, akamfunika Madoa shuka, akanong'ona aliyoyanong'ona hadi shuka likaanza kuchuruzika maji.

"Nani wewe?"

"Nilikuwa nakaa kwenye matumbawe." Sauti ilikuwa ya chini, ya majimaji.

"Umemfuata binti wa watu kwa nini?"

"Sikumfuata. Nilinaswa. Yeye ndiye aliyenitoa."

"Basi mshukuru, umwache. Rudi kwenu."

"Kwetu wapi?"

Jini akaeleza, bila hasira, kwamba nyumba yake imejaa mifuko mpaka mlangoni, matumbawe yamekufa, na mwanawe wa mwisho amekufa na kizibo cha chupa kooni. Mganga alimuuliza anataka nini, maana wengine hutaka kitambaa, wengine manukato. Akajibu hataki kitu, anataka pa kukaa.

Mganga akazima ubani. Mlangoni hakuweza kumtazama Fundi usoni.

"Mwanangu, mimi jini namtoa kwa kumrudisha kwake," alisema. "Huyu hana kwake."

Fundi akamwomba ajaribu tena, hata kesho. Mzee akatikisa kichwa, akavaa viatu vyake polepole, akaondoka.

Samaki akatundikwa ukumbini siku iliyopangwa, kwa kuwa barua za mwaliko zilishatumwa na Fundi hakujua angesema nini. Watu walifurika. Mgeni rasmi akaisifu kazi, akamwomba msanii aseme mawili matatu. Fundi alitaka kumzuia, lakini Madoa alikwishasimama.

Alizungumza kwa ile sauti ya chini. Akawasimulia nyumba iliyojaa na mtoto aliyesongwa, na akina mama wakajifuta machozi, mwandishi wa gazeti akaandika haraka haraka. Mwisho akasema:

"Sisi ni wengi. Wenzangu wako njiani."

Wakampigia makofi hadi taa za dari zikatetema. Mkuu wa maktaba alimwinamia Fundi, akamwambia hajawahi kusikia mtu akijivika uhusika namna ile.

Fundi akapita katikati ya watu, akamshika mdogo wake mkono. Ulikuwa baridi, umelowa.

"Madoa," alimwita kwa kunong'ona. "Unanisikia, mdogo wangu?"

"Anakusikia," sauti ikamjibu. "Twende nyumbani, dada."

Akampeleka nyumbani.