Picha ya Mama Kwenye Kompyuta Isiyo Yetu

Wapendwa, kuna siku niliingia kwenye duka nisilolijua...

Kwenye kioo cha kompyuta ya mwanamke nisiyemjua, mama yangu mzazi alikuwa ananichekea pichani!

Mama yangu. Marehemu. Na utepe wake wa kupimia shingoni, na pini mdomoni, ile tabia niliyomgombezea mpaka mwisho.

"Karibu mteja," yule mwanamke akasema. "Unataka nembo ya shule au ya hospitali?"

Nikashika meza. 

Subirini niwaeleze ilivyoanza, msije mkasema nina wivu wa biashara.

Mwenzenu natarizi. Nembo za sare, majina kwenye makoti ya madaktari, kofia za timu. Kazi hii nimeirithi kwa mama, na michoro yote alichora yeye kwenye kompyuta yake ya zamani, ile inayowaka na picha yake kwenye kioo. Mashine yetu ya kutarizi nayo ni ya enzi hizo. Haielewani na Windows mpya hata uipigie magoti.

Sasa kompyuta ya mama ikaanza uzee. Leo inawaka, kesho inazimika katikati ya nembo.

Nikamwita fundi wa kompyuta, jamaa mmoja mtaani tunamwita Wayawaya, maana hatembei bila nyaya shingoni.

"Dada, usinunue mashine nyingine ya kutarizi," akaniambia. "Tutaweka kompyuta ndani ya kompyuta."

"Acha utani wako."

"Kweli tena! Inaitwa mashine pepe. Unanunua kompyuta mpya, tunaweka programu, halafu kompyuta yote ya mama inahamia humo. Windows yake, michoro yake, kila kitu. Dirisha hili mfumo mpya, dirisha lile mfumo wa zamani. Vinakaa nyumba moja wala havigombani, si kama wake wenza!"

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni. Chai ikampalia.

Baba ni mstaafu. Tangu mama afariki alikuwa anakuja dukani kila asubuhi, anapokea wateja, anatania watu. Mchana anaaga, eti daktari kamwambia atembee kwa ajili ya presha.

Nilimwonea huruma mzee wangu. Nilidhani anatembea na upweke...

"Programu zenyewe ziko tatu," Wayawaya akaendelea. "Moja inakuja na Windows yenyewe, ila kwa huu waya wa mashine yako tutasumbuana nayo. Ya pili ya kulipia, nyepesi, utaipenda. Ya tatu VirtualBox, ya bure. Inaukubali waya, na inafunguka hata kwenye kompyuta yenye mfumo tofauti kabisa. Ukitaka kuhama, unabeba faili lako unaondoka."

"Nipe ya pili," nikasema. "Mimi nataka wepesi."

"Hapana!" Baba akadakia.

Tukamgeukia wote wawili. Baba na kompyuta wapi na wapi?

"Chukua hiyo inayohamishika," akasema. "Kompyuta zinakufa, mwanangu. Mama yako amekufa. Kazi yake isife."

Jamani, nililia pale pale. Nikasema sawa, baba, VirtualBox.

Na ilifanya kazi! Siku nilipobonyeza dirisha lile likafunguka na uso wa mama ukatokea vilevile, na mashine ikaanza kutarizi tatatata, nilimkumbatia Wayawaya na nyaya zake. Hata baba akaomba afundishwe kulifungua, eti awe anamsalimia mama kila asubuhi.

Lakini haukupita muda wateja wakaanza kupukutika. Mmoja... wawili... shule nzima!

Nikaenda kwa matroni wa hospitali tuliyoitarizia tangu enzi za mama.

"Mbona tumeshachukua kwenye tawi lenu jipya?" akasema.

"Tawi gani, mama?"

"La upande wa pili wa mji. Kazi yenu ileile."

Akanionyesha koti. Nikatazama nembo, nikaisogeza dirishani.

Nyoka wa ile nembo alikuwa amefumba jicho moja. Anakonyeza! Ulikuwa utani wa mama, alimchora hivyo makusudi, na hakuna mtu aliyewahi kugundua zaidi yetu wa nyumbani.

Wayawaya! Nani mwingine angeweza kuihamisha kazi ya mama? Nilijiapiza, leo nitamfunga na nyaya zake mwenyewe.

Ila kwanza nikauone huo wizi kwa macho.

Ndivyo nilivyofika kwa yule mwanamke, nikijifanya mteja.

"Hii kompyuta umeitoa wapi?" hatimaye nikauliza.

"Nilinunua. Ila hivi vya ndani nililetewa."

"Na fundi mmoja mwenye nyaya shingoni, siyo?"

Akanishangaa.

"Fundi gani? Kaniletea baba, kwenye flashi."

"Baba yako ni nani?"

Akageuza shingo kuelekea chumba cha nyuma.

"Babaaa! Kuna mgeni!"

Pazia likasogea...

Akatoka baba YANGU!

Kandambili miguuni, kifua wazi, taulo begani. Mtu aliye kwake.

Tulitazamana. Taulo likadondoka, hakuliokota.

"Mwanangu..." akaanza.

"Nani mwanao? Sema vizuri, tupo wawili hapa!"

Yule mwanamke akaniangalia, akamwangalia baba, akakaa chini taratibu.

"Msalimie," baba akanong'ona. "Ni dada yako. Mkubwa wako."

Mkubwa wangu! Mimi niliyelelewa nikiitwa kifungua mimba! Mimi niliyebeba kila kitu cha nyumba ile kwa sababu "wewe ndiye wa kwanza"!

"Mama alijua?" nikauliza.

Baba akatazama kandambili zake.

"Mama yako ndiye aliyekataa asiletwe nyumbani."

 Nilikuja na hasira juu ya mtu mmoja, nikajikuta nazo juu ya watu wawili, na mmoja wao yuko kaburini, hana wa kumjibia.

"Mimi aliniambia umeacha kutarizi," yule dada akasema kwa sauti ndogo. "Alisema umeajiriwa ofisini, na kazi ya marehemu imekosa mtu. Ningejua bado unaifanya, nisingeigusa."

"Na picha? Kwa nini hukuiondoa?"

Akaitazama ile picha.

"Nilitaka nimzoee. Maisha yangu yote nilimsikia tu. Nikasema ngoja nione huyo aliyenikataa anafananaje."

Akashika kipanya. 

"Nifute lote?"

Nilitaka kusema futa! Futa uso wake, futa michoro, nami nitoke nimeshinda. Lakini nilimwona alivyokaa, mgongo umepinda kama wa kwangu juu ya kazi ileile...

"Endelea," nikamwambia. "Ila nyoka wako mfumbue macho yote. Huyo anayekonyeza ni wa mama yangu."

Nikaondoka. Baba aliniita mpaka barabarani. Sikugeuka.

Sitawadanganya kwamba tumekuwa ndugu. Hatujapigiana simu. Wateja walioondoka hawajarudi, na kila nikifungua picha ya mama sasa namuuliza maswali badala ya kumwambia habari za asubuhi.

Asubuhi iliyofuata siku ile nilimwita Wayawaya. Hakujua kabisa kwamba nilishamhukumu. Akafanya alichofanya, akaenda zake.

Baba akaja, akakaa kwenye kompyuta kama kawaida yake, kama vile jana haikuwapo!

"Mwanangu, imegoma. Inataka neno la siri."

"Ndiyo, baba."

"Neno gani?"

"Siri unaniuliza mimi? Hapa mwenye siri si wewe?"

 Akachukua kofia yake, akatoka. Safari hii hakuaga kwamba anakwenda kutembea.

Wapendwa, mkichagua programu, ulizeni wepesi, ulizeni bei, ulizeni kama itakubali nyaya zenu. Lakini anayewasaidia kuchagua, mwulizeni pia anamchagulia nani.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mimi hiyo nguo niliitarizi kwa mkono wangu.