Mpaka Maji Yasikike

Séverin, fundi simu wa Umbilo Road, hakuumbwa na subira. Mchana mmoja pale sokoni Warwick Junction, amevaa suruali ya krimu iliyopigwa pasi ikapigika, alimwona dada wa gauni la kitenge cha njano akimfokea fundi viatu aliyechelewa kushona mkanda wa kisanduku kikubwa cha buluu.

"Dada, ndani iko ayiskrimu?"

"Iko tupu. Kama kichwa cha watu fulani."

Jamani, kijana akanaswa! Alicheka mpaka akaegemea meza ya mwuza dagaa.

"Miye Séverin. Nipe namba."

"Eish! Hata salamu hakuna?" Lakini namba alimpa.

Kisanduku kilikuwa cha chanjo. Dada huyo, Libérate, Mrundi, alifanya kazi Point, bandarini, kwenye Shirika la Afya la Visiwa, linalopeleka dawa na chanjo Komoro, Shelisheli na Morisi. Yeye ndiye aliyekuwa akifunga mizigo ya baridi. Walipendana haraka, maana Séverin hakujua njia nyingine. Katika miezi sita aliomba kumwoa mara tatu.

"Ngoja, papa," Libérate alimjibu kila mara.

"Mpaka lini, chérie?"

"Mpaka nijue unaweza kungoja. Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Jumanne moja Séverin akampelekea kazini sombe ya majani ya muhogo na samaki. Libérate alimwambia akae varandani, akaenda chumba cha pili kuongea kwa simu na nesi wa Moroni. Varandani Séverin hakumaliza dakika mbili. Aliingia ndani, akaona mezani pakiti ishirini za barafu zinatoka jasho. Maskini mpenzi wangu, amesahau! Akazirudisha zote kwenye friza, akakaa akijisifu.

"Nani ameondoa barafu yangu?" Libérate alipiga kelele.

"Miye, chérie. Ilikuwa inayeyuka!"

"Ndivyo inavyotakiwa! Barafu ikiwa ngumu kabisa inagandisha chanjo ya pepopunda, na chanjo ikiganda imekufa. Tunaiacha nje mpaka ukitikisa usikie maji." Akatazama saa, machozi yakamlenga. "Gari la uwanja wa ndege liko mlangoni. Nesi ameita wajawazito themanini, Séverin!"

"Nisamehe, nilitaka kusaidia..."

"Toka. Na usinipigie."

Ndege iliondoka bila mzigo. Akina mama wa Moroni wakaambiwa warudi wiki ijayo, na Libérate akaandikiwa barua ya onyo.

Asubuhi yake Séverin alivaa shati la kazi, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa ofisi, Mama Médiatrice.

"Mama, barafu niliirudisha miye. Yeye aliniacha nje, niliingia bila kuitwa."

Mama akavua miwani. "Sisi tulimwuliza mara tatu. Hakukutaja hata jina."

Maneno yale yalimchoma. Aliondoka bila kuomba kumwona Libérate, na wiki tatu hakumpigia. Kila jioni alishika simu, akaiweka chini. Wenzake dukani wakasema amelogwa. Moyo ulimuuma, basi.

Ijumaa moja, simu ikalia.

"Uko wapi?"

"Dukani."

"Njoo Point. Mzigo wa wale akina mama ulifika, na barua yangu imefutwa. Mama Médiatrice ameniambia ulikwenda kwake."

Alifika akihema. Libérate alikuwa varandani, ndani ya lile gauni la njano, na mkononi ana pakiti moja ya barafu.

"Tikisa."

Séverin akatikisa. Kimya.

"Basi kaa."

Akaiweka sakafuni, akakaa. Nusu saa nzima hakuigusa, hakuuliza kitu.

"Nilikuwa na hamu na wewe, mjinga wewe," Libérate alisema.

"Na miye. Mpaka chakula kilinishinda."

Libérate akachukua pakiti, akaitikisa karibu na sikio la Séverin. Maji yakasikika.

"Sasa uliza lile swali lako."

"Libérate, utakubali nikuoe?" Safari hii aliuliza polepole, yeye msemaji wa Umbilo nzima.

"Ndiyo. Lakini Bujumbura, kwetu, utaenda kuniposa mwenyewe. Na ukifika kwa mama, tafadhali, friza yake usiiguse."